Sufuria mbili za mvuke juu ya moto
Maneno kwa wamama wanaofunga chakula katika bokali

Mukae vizuri. Wale wa nyuma musogee karibu kidogo, sababu leo nimeleta vyombo juu ya meza na ninataka kila mumoja aone kwa macho yake.

Munaona hapa sufuria mbili kubwa zenye vifuniko vya kufungwa kwa nguvu. Si za hospitali. Ni za wamama wa chama kimoja cha hapa kwetu milimani. Wanazitumia kwa kufunga maharagi, mboga na nyama katika bokali, ili chakula kisiharibike na kisiuzwe chote kwa bei ya chini wakati wa mavuno. Kazi nzuri. Wiki iliyopita mama mumoja wa chama alikuja kupimisha mutoto, akaniuliza: “Mama Muganga, sasa tuko na sufuria mbili. Tunaweza kuzitia juu ya moto pamoja ili tumalize mbio?” Nikamujibu: “Ndiyo, munaweza.” Kisha nikamuuliza: “Ya pili munaijua namna gani kama imefika?” Akasema: “Tunaangaliaka ile yenye saa. Ikifika, tunajua na ingine imefika.”

Hapo niliogopa. Njo maana ninasema maneno haya leo, na njo maana nimeomba waniazime sufuria zenyewe.

Tuanze na kitu munachokijua. Kila mama mwenye mimba anayekuja hapa anachomwa sindano ya tetanosi. Tumewafundisha mara nyingi kwamba mbegu ya tetanosi inakaa katika udongo, na kwamba haifi upesi. Basi, mbegu ile iko na ndugu yake. Huyu naye anakaa katika udongo, juu ya mboga zilizotoka shambani, katika matope ya ziwa, katika matumbo ya nyama na ya samaki. Ugonjwa anaoleta unaitwa botulisimu. Siku zote ndugu huyu analala ndani ya ganda lake gumu, na mutu mukubwa anaweza kumumeza pamoja na mboga bila kupata shida yoyote. Kwa mutoto mudogo kabisa ni neno lingine, nitalirudilia.

Shida inaanza tukimujengea nyumba anayoipenda. Anapenda mahali pasipo na hewa, penye maji-maji, pasipo na ukali kama wa ndimu, wala baridi kali. Sasa angalieni bokali hii ya maharagi. Hewa tumeitoa sisi wenyewe. Maji-maji yamo. Ukali hakuna. Tumeiweka juu ya kabati, mahali pa joto kidogo. Tumemukaribisha mugeni na kumufungia mulango! Baada ya siku chache anatoka katika ganda, anaongezeka, na anatoa sumu. Sumu hii ni kati ya sumu kali kupita zote zinazojulikana duniani. Kidogo tu, ambacho jicho haliwezi kuona, kinatosha kuua mutu. Na mara nyingi chakula hakinuki, hakibadiliki rangi, hata utamu ni uleule.

Ninajua neno ambalo wamoja wanasema moyoni: “Bibi zetu walikuwa wanachemusha tu, na hatukufa.” Ni kweli. Lakini bibi zetu walichemusha na wakakula siku ileile, ao walikausha juani ao juu ya moshi. Hawakufunga chakula kibichi cha maji-maji mahali pasipo na hewa kwa miezi sita. Ni kufunga bila hewa ndiko kunakobadilisha mambo.

“Basi tuchemushe bokali ndani ya maji saa tatu, saa nne!” Hapana. Sikilizeni. Karibu na bahari maji yanachemuka kwa digri 100. Kadiri unavyopanda mulima, yanachemuka mapema, ni kusema na moto mudogo zaidi: kila mita 300 unapoteza karibu digri moja. Uvira na Kalemie, pembeni ya Tanganyika, yanachemuka karibu na digri 97. Bukavu na Goma, kwenye mita 1,500 hivi, ni karibu 95, na kwetu hapa ni vilevile. Ukiongeza kuni, maji hayapati moto zaidi. Yanaruka tu kuwa mvuke na sufuria inakauka. Na ganda la mbegu ile linavumilia maji yanayochemuka kwa saa nyingi.

Lakini ukiufunga mvuke ndani, usipate pa kutokea, nguvu inaongezeka, na moto wa ndani unapanda kupita ule wa maji yanayochemuka. Mufaransa mumoja, Denis Papin, alionyesha jambo hili tangu 1679, na sufuria yake ilikuwa tayari na kitundu cha kuachilia mvuke ili isipasuke. Otoklavu yetu, ile mashini ambamo tunatia makasi na nguo za kupasulia, inafanya kazi vilevile: inafika digri 121. Sufuria hizi mbili ni wadogo wa otoklavu. Chakula kinahitaji karibu digri 116 ao kupita, kwa muda ulioandikwa, ili mbegu ife ndani ya ganda lake.

Kuko chakula ambacho hakihitaji sufuria hii. Matunda mengi yenye ukali, na konfitiri ya sukari, yanafungwa kwa maji ya kuchemuka tu, sababu ukali wao unamuzuia yule ndugu asiamuke. Tomati iko katikati: nyingine iko na ukali wa kutosha, nyingine hapana, na ulimi hauwezi kuipima. Kwa hiyo tunaongeza maji ya ndimu ya dukani, ile ya chupa, vijiko 2 vya kula katika bokali ya karibu litre moja, ao kimoja kilichojaa vizuri katika ile ya nusu litre. Kwa nini ya dukani? Sababu ukali wake umepimwa. Ndimu za muti wetu hazifanani. Kisha, kwa tomati iliyopondwa, bokali zifunikwe na maji na zichemuke dakika 55 kwa urefu wetu wa mulima. Tena musitie kitunguu, mafuta wala unga ndani. Vitu hivyo mutaongeza siku ya kupika.

Lakini maharagi, mboga za majani, karoti, mahindi, nyama, kuku, samaki: vyote havina ukali. Hivi, ni mvuke wa nguvu, ao visifungwe katika bokali hata kidogo.

Sasa tuje kwenye sufuria zenyewe. Mutu akitaka kukuuzia moja, uangalie nini?

Kwanza ukubwa. Iweze kusimamisha ndani bokali nne za karibu litre moja, na kifuniko kifungwe bila kugusa. Ile sufuria ndogo ya kupikia maharagi haraka, ile wanayoita kokoti, ni nzuri kwa chakula cha leo, lakini si ya kufungia bokali. Inapata moto mbio na inapoa mbio, na muda ulioandikwa katika vitabu umehesabu pia wakati ambapo sufuria kubwa inapanda polepole na inashuka polepole.

Kisha ugeuze kifuniko. Kauchu ya pembeni iwe laini, isiwe na nyufa. Inua kifuniko juu ya mwangaza na uchungulie katika tundu la mvuke: ukiona mwanga, ni wazi, usipouona, kuko uchafu ndani, na sufuria yenye tundu lililozibwa ni ya kupasuka. Jaribu ile supape ndogo ya kuokoa kwa kidole, ione kama inatikisika. Na usinunue hata siku moja sufuria yenye kifuniko cha sufuria nyingine. Niliona moja sokoni, bei nzuri sana, imefungwa na waya. Nilipita mbali.

Tena, lazima iwe na kitu cha kupima nguvu. Hapa njo munaona tofauti ya sufuria zetu mbili. Hii ya kuume iko na uso kama saa, na sindano inayotembea juu ya namba. Hii ya kushoto haina saa. Iko na kizito cha chuma kinachokaa juu ya tundu, na nguvu ikifika kinaanza kutikisika na kupiga kelele. Namba zote mbili ni za livri, hesabu ya Waamerika, sababu sufuria za namna hii zimetengenezwa sana kule.

Ipi ni bora? Mimi ninapenda kizito. Hakidanganyi, tena unakisikia hata ukiwa unamunyonyesha mutoto. Saa inaonyesha hata kitu kidogo, ndiyo, lakini ikianguka chini mara moja inaweza kusema uongo miaka miwili na wewe hujui. Kila mwaka lazima ipimwe pembeni ya nyingine iliyo nzuri. Kwa hii ya chama, fundi anayetengeneza otoklavu yetu ameikubali kuipima. Ikipotea kwa livri kupita 2, itupwe na itafutwe mupya. Wamama waliponiletea, ilikuwa imepotea livri 1. Si mbaya, lakini tangu lini? Hakuna aliyejua.

Sasa sikilizeni neno ambalo linawachanganya wengi. Kwa urefu wetu wa mita 1,500, sufuria yenye saa lazima ifike namba 13. Sufuria yenye kizito lazima itiwe kizito cha 15. “Mama Muganga, mbona hazifanani?” Sababu vizito viko vitatu tu, 5, 10 na 15, hakuna cha 13. Kitabu kinasema: kupita mita 300 juu ya bahari, kizito ni 15 kila mahali. Saa, nayo, inafuata mulima: kule Uvira ao Kalemie ni 12, kwetu, tangu mita 1,220 mpaka 1,830, ni 13, kupita hapo ni 14. Kwa hiyo mutu aliyehama toka ziwani kuja mulimani asiendelee na namba yake ya zamani.

Njo maana nilimwambia yule mama: huwezi kuangalia sufuria moja na kuitumainia nyingine. Moja inaweza kufika dakika kumi mbele ya mwenzake. Mbabula moja iko na makala mazuri, nyingine iko na makala mabichi. Sufuria mbili ni kama mapacha: wamezaliwa siku moja, lakini kila mumoja ananyonya kwa wakati wake.

Ninasema hivi si kwa kitabu tu. Ninyi munaniona na blouse nyeupe, munafikiri muganga hakosi. Mwaka mumoja nilikosa. Nilikuwa nikisaidia wamama wawili kufunga maharagi, sufuria mbili, saa moja ya mukononi, na mimi nikasema nitaziangalia zote peke yangu. Nilipokuwa nikiongeza makala upande mumoja, sindano ya upande wa pili ilianguka mpaka 9. Niliiona. Nilipepea moto, ikapanda tena mpaka 13. Kitabu kinasema wazi: nguvu ikianguka chini ya namba yake, uipandishe tena na uanze kuhesabu muda tangu mwanzo, dakika zote. Mimi nilijua. Lakini jua lilikuwa likishuka, makala yalikuwa yakiisha, na mwenye maharagi alikuwa na haraka ya kurudi kwa watoto. Niliendelea kuhesabu kama kwamba hakuna kilichotokea. Nilimupa bokali zake nane. Alicheka, akanipa moja, nikaikataa. Angeweza kujiuliza juu ya nini ninaikataa.

Usiku ule sikulala. Kama ningesema asubuhi, tungeweza kuziokoa: ndani ya saa 24 unaweza kufungua, kutia vifuniko vipya, na kupika tena kwa muda wote. Lakini nilipata haya. Nilisema siku ya tatu. Nilitembea mpaka kwake, nikamueleza. Alikaa kimya, kisha akasema: “Ile ilikuwa mbegu yangu na chakula changu.” Kwa bahati alikuwa hajafungua hata moja. Tulifungua zote nane, tukazisimamisha ndani ya maji yanayozifunika, tukazichemusha nusu saa ili sumu ife kama iko, kisha tukazika chakula mbali ili kuku na imbwa wasichimbue. Maharagi nilimurudishia kilo kwa kilo. Nilimaliza kumulipa baada ya miezi miwili.

Kwa hiyo, kama muko na sufuria mbili, mufanye hivi. Kila sufuria iwe na mbabula yake, na mama wake wa kuilinda, mama mumoja kwa sufuria moja, asitumwe kuchota maji wala kufukuza mbuzi. Kila sufuria iwe na kikaratasi chake. Andika saa mvuke ulipoanza kutoka, saa ulipofunga tundu, saa namba ilipofika, na saa ya kumaliza. Mufano: namba 13 imefika saa tatu na dakika 31, maharagi ni dakika 90, mwisho ni saa tano na dakika 1. Usiweke hesabu kichwani. Kichwa cha mama kiko na mambo mengi.

Musianze zote kwa dakika moja. Ya pili ianze nusu saa nyuma. Hivi hamutahangaika na mvuke wa mbili pamoja, wala kushusha mbili pamoja. Lakini angalieni: bokali za sufuria ya pili zisijazwe mapema na kuachwa zipoe juu ya meza. Chakula kibaki cha moto katika sufuria yake, na mukijaze wakati sufuria ya mvuke iko tayari na maji yake yana moto.

Kazi yenyewe ni hii. Maji ndani ya sufuria, vidole vinne vya mukono vikilala moja juu ya kingine. Si kujaza mpaka juu kama maji ya tomati. Bokali zisimame juu ya kile chuma chenye matundu, zisiguse chini. Katika bokali uache nafasi ya vidole viwili hivi, sentimetri 2 na nusu, bila chakula. Funga kifuniko. Acha tundu wazi mpaka mvuke unatoka kwa nguvu, kisha uhesabu dakika 10 nzima ukiuacha utoke. Dakika hizi wengi wanaziiba. Zinafukuza hewa, kama hewa imebaki ndani, sindano itaonyesha 13, lakini moto wa kweli hautafika. Baada ya dakika 10 utie kizito ao ufunge tundu. Namba ikifika, anza kuhesabu.

Muda ni huu, kwa bokali ya nusu litre na ile ya karibu litre: maharagi makavu yaliyolowekwa na kuchemushwa kwanza nusu saa, dakika 90, mboga za majani, 90, vipande vya nyama bila mifupa, 90. Wenye kusoma vitabu vya Waamerika wataona muda mufupi zaidi kwa bokali ndogo. Lakini bokali yao ndogo ni ndogo kupita nusu litre yetu, kwa hiyo sisi tunahesabu muda wa ile kubwa. Na bokali yao kubwa haifiki litre nzima. Bokali inayopita hapo haina muda wake, usiitumie.

“Na sombe?” Mumoja anauliza kila mara. Sombe iliyotwangwa, na mawese na karanga, ni chakula kizito sana; moto unakawia kufika katikati. Sina muda uliopimwa kwa sombe, basi siitii katika bokali. Sombe iko mwaka muzima, wamama! Mutwange na mukule.

Moto wa makala ni kazi yake. Ongeza vipande vidogo-vidogo, usingoje yaishe. Nguvu ikipanda mno, ondoa makala kwa koleo; usiguse kizito. Muda ukiisha, toa sufuria kwenye moto na uiache ishuke yenyewe. Hapana kumwagia maji baridi! Hapana kuinua kizito ili ushikane na mvuke! Sindano ifike sifuri; kwa ile isiyo na saa, ngoja mpaka ukigusa kizito kidogo hakuna kelele. Toa kizito, ngoja tena dakika 10, kisha ufungue kifuniko upande wa mbali nawe, ili mvuke usipige uso. Watoto wawe nje. Katika chumba chetu cha vidonda tumewaona watoto wengi walioungua na maji ya jikoni, hatutaki mwingine.

Bokali zipoe juu ya kitambaa mpaka kesho yake. Kifuniko kizuri kimeingia ndani katikati na hakilii ukikibonyeza. Kikicheza chini ya kidole, bokali hiyo haikufungwa: ipikwe tena ndani ya saa 24, ao ikulwe leo.

Sasa ninafika kwenye neno gumu, na wamama wa chama wanalijua. Vile vifuniko bapa vyenye kauchu vinatumika mara moja tu kwa kufunga. Bokali za mayonezi na za konfitiri za dukani hazivumilii moto huu, zinapasuka. Vifuniko vinatoka mbali, na siku nyingine havifiki. Kama havikufika, sufuria hizi zibaki za kupikia chakula cha siku, na maharagi yakaushwe. Mama asiye na sufuria hii asijione maskini. Maharagi makavu katika mutungi uliofungwa vizuri, mboga zilizokaushwa kivulini, samaki waliokauka sawasawa, ndagala na sambaza za jua: vitu hivi vinalisha mutoto vizuri, na yule ndugu wa tetanosi hawezi kuamuka mahali pakavu. Mimi mwenyewe, kama ningekuwa na makala ya kilo chache na jua la mwezi wa saba, ningechagua jua.

Siku ya kufungua bokali ya maharagi, ya mboga ao ya nyama, usionje kwanza. Hata kwa ncha ya kidole! Mimina yote katika sufuria, yachemuke kweli-kweli dakika 15 kwa urefu wetu, ndipo uonje chumvi. Munaona? Mbegu haifi kwa kuchemuka, lakini sumu yake inakufa. Ni vitu viwili mbalimbali, musivichanganye. Kama kifuniko kimevimba, kama chakula kinaruka wakati wa kufungua, kama kinatoa povu ao harufu, musikiokoe kwa kuchemusha. Kizikwe, na mikono ioshwe na sabuni.

Mutu akipatwa, dalili mara nyingi zinaanza kati ya saa 12 na 36, lakini zinaweza kukawia siku kadhaa. Anaona vitu viwili-viwili. Kope za macho zinaanguka. Kinywa kinakauka, sauti inabadilika, kumeza kunamushinda. Kisha mikono inalegea, na miguu, mpaka pumzi. Mwili hauna homa, na akili yake iko wazi. Wamoja watasema amerogwa, ao amelewa. Musipoteze siku. Mumulete hospitali mara moja, hata usiku, na mulete bokali yenyewe na wote waliokula pamoja naye. Dawa ya kupinga sumu iko duniani, lakini si kila hospitali inayo, na ikitumiwa mapema inasaidia zaidi. Mugonjwa anahitaji kusaidiwa kupumua, na hilo haliwezekani nyumbani.

Na sasa yule mutoto mudogo niliyewaahidi. Tumbo la mutoto asiyetimiza mwaka mumoja bado halina nguvu ya kuzuia mbegu hii. Kwake yeye mbegu peke yake inaweza kuamukia ndani ya matumbo. Mara nyingine mbegu imo ndani ya asali. Kuko bibi wanaopaka asali kwenye ulimi wa mutoto aliyezaliwa, kwa upendo. Waambieni kwa heshima: “Bibi, hapana, mpaka mwaka mumoja upite.” Wakisema “tutaichemusha kwanza”, munajua sasa cha kujibu. Mutoto aliyepatwa anakosa choo siku nyingi, analia kwa sauti ndogo, ananyonya bila nguvu, shingo inalegea. Mulete upesi. Mpaka miezi sita apewe maziwa ya mama peke yake. Kisha uji na maharagi yaliyopondwa, yaliyopikwa siku ileile, si ya bokali.

Sufuria zitabaki juu ya meza mpaka mizani itakapomaliza kazi. Mupite mutikise kizito, mujaribu supape kwa kidole. Wa chama wabaki kwangu: tutaandika vile vikaratasi viwili, kimoja cha 13 na kimoja cha 15, na tutavibandika juu ya vifuniko. Wengine muchukue karati za watoto, muanze na wale wa rujeole.